Kitabu Nilichokisifu Bila Kukisoma

Mwaka wangu wa kwanza hapa kitivoni, mwalimu mmoja aliingia oditwari, akaweka mkoba wake mezani, na kabla ya kuanza somo akatuomba kila mmoja asimame, aseme jina lake, mahali alikotoka na kitabu anachokipenda. Tulikuwa wengi, mabenchi hayakutosha, wengine walikaa madirishani. Zoezi lile lilichukua karibu saa nzima, na kwa muda wote huo nilisikia majina manne au matano tu ya vitabu, yakipita kutoka benchi hadi benchi. Zamu iliponifikia, Kusadikika cha Shaaban Robert kilikuwa kimekwisha kutajwa mara sita au saba. Nami nikakitaja. Nikaongeza kwamba kilinifungua macho.

Sikuwa nimekisoma. Nilikuwa nimesoma muhtasari wa kurasa mbili, ulioandikwa kwa mkono na yaya wangu alipokuwa anajitayarisha kwa mtihani wake. Kitu nilichokuwa nakipenda siku ile kilikuwa ndani ya mfuko wangu, kimefichwa katikati ya daftari: toleo la zamani la Sani, gazeti la katuni la Tanzania, lisilo na jalada. Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori, akisafiri kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi kwa njia ya Tunduma na Kasumbalesa. Gazeti lile alilitumia kuzibia jua kwenye kioo cha lori. Alipochoka nalo alinipa, na mimi nililisoma mpaka wino ukabaki vidoleni mwangu.

Ninaandika haya kwa sababu nadhani sikuwa peke yangu, na kwa sababu uongo ule ulikuja kulipiwa na mtu mwingine.

Mwaka uliofuata, dada mmoja wa mwaka wa kwanza alinifuata nje ya maktaba. Wenzake walikuwa wamemwambia kwamba mimi ni mtu wa vitabu vya Kiswahili, naye alitaka kujua aanze na kipi. Uongo ukishazoeleka hauombi ruhusa. Nikamjibu: Kusadikika, kwa sauti ya mtu anayejua. Hakupata nakala ya kununua, kwa hiyo akaazima moja kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu na kutoa fotokopi ya kitabu kizima kwa pesa zake za usafiri. Kwa siku kadhaa alikuja masomoni kwa miguu, jambo nililolijua baadaye sana. Kisha siku moja akaja na karatasi zake, ameziunganisha kwa uzi, akasema:

“Yaya, nisaidie jambo moja. Wale wajumbe sita waliotumwa pande sita, kila mmoja anarudi na habari nzuri, na kila mmoja anaadhibiwa. Nilipofika kwa yule wa tatu nilishajua wa nne naye ataadhibiwa. Sasa mbona Karama anaendelea kuwasimulia wote mpaka mwisho? Wewe ulionaje?”

Lilikuwa swali zuri kuliko maswali mengi ya mtihani. Nilijibu kwa maneno ya “fumbo” na “utawala wa kikoloni”, maneno ambayo unaweza kuyabandika juu ya kitabu chochote cha miaka ile na yasianguke. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa heshima zote, bila hasira: “Yaya, ulikisoma kweli?”

Sikumdanganya mara ya pili. Lakini sijasahau jinsi alivyotazama zile fotokopi.

Katika mji wenye maduka ya vitabu kila mtaa, ushauri mbaya hauna hasara kubwa. Mtu ananunua, anafungua, hakipendi, anakiweka kando na kuchukua kingine. Kwetu mambo ni tofauti. Riwaya ya Kiswahili kutoka Dar es Salaam au Nairobi inatufikia kwa bahati: mkononi mwa dereva, katika mzigo wa ndugu aliyekwenda kutibiwa, au juu ya bashi la muuza vitabu aliyepanga chini, kati ya kitabu cha hesabu cha darasa la tano na kitabu cha maombi. Nakala moja inapita mikononi mwa watu kumi, na ikichoka inageuka fotokopi. Kwa hiyo maktaba yetu ya kweli, ukiondoa ile yenye mlango na kufuli, ni mdomo wa mwenzako. Mtu akikuambia “soma hiki”, anakuomba usiku wako kadhaa, na mara nyingi anakuomba pia nauli yako. Akiwa hajakisoma, amekula vyote viwili.

Kwa nini tunadanganyana basi? Sidhani ni kwa ubaya. Tumejifunza tangu sekondari kwamba kuna vitabu vya kutaja na vitabu vya kusoma. Vya kutaja ni vile vya programu: tunavijua majina, mwaka wa kuchapishwa, dhamira kuu na dhamira ndogo. Vya kusoma ni vile vinavyozunguka chini ya dawati: riwaya za upelelezi, bede, hadithi za mapenzi zilizopigwa taipu vibaya. Vya kwanza tunavisifu na vya pili tunavimaliza. Tunapofika kitivoni tunadhani mpaka huo umewekwa na elimu yenyewe, na kwamba kuuvuka ni kujivunjia heshima. Bede pekee ninayoisikia ikitajwa kwa sauti darasani ni Tintin au Congo, na inatajwa kama ushahidi wa dharau ya wakoloni. Ni kweli, ushahidi ni huo. Lakini mtu angetusikiliza tu angedhani kwamba Mkongo hajawahi kuchora bede yake mwenyewe.

Najua hoja ya walimu wetu, na siidharau. Wanasema: tunapokea wanafunzi ambao Kiswahili bora kinawashinda, wanaandika “eko na vitabu” badala ya “ana vitabu”, na ninyi mnataka tuwape katuni zilizojaa maneno ya mtaani? Mwalimu mmoja aliniambia hivyo uso kwa uso, nami nilikaa na hoja yake wiki nzima. Jibu langu ni dogo. Sarufi ilinifundisha kanuni ya “ana” mara moja, siku ya Jumanne, nami nikaiandika. Madenge, yule mtoto mtundu wa Sani, na Lodi Lofa, ambaye jina lake linamtosha, waliisema mbele yangu mara mia, wakiwa wanagombana, wanadaiwa, wanakimbia. Walinifundisha pia jinsi watu wa pwani wanavyotaniana, wanavyokatiza maneno, wanavyomwita mtu mzima wanapotaka kumkopa. Hayo sikuyapata katika silabusi yoyote. Sisemi katuni ichukue mahali pa sarufi. Nasema tu kwamba mimi ninayeandika makala hii kwa Kiswahili ambacho natumaini hakitawaudhi sana, nilikipata nusu kwa njia ambayo niliona aibu kuitaja.

Basi nitaje sasa vile ninavyovipenda kweli, na kasoro zake.

Nianze na Aristablus Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba. Wengi wenu mmesoma Njama au Kufa na Kupona, hata kama hamtakubali mbele ya profesa. Mimi napendekeza Kikosi cha Kisasi, kwa sababu Gamba anatoka Dar es Salaam na kuja kufanya kazi yake Kinshasa. Fikirini: mwandishi wa Tanzania anaandika riwaya ya Kiswahili ambayo mambo yake yanatokea katika mji mkuu wetu, na sisi wa kitivo cha lugha hatujawahi kuijadili hata mara moja. Sikumwamini Gamba katika kila ukurasa. Anashinda mno, na wanawake wa riwaya hizi wameumbwa kwa haraka. Lakini nilijifunza kwake jinsi sentensi fupi ya Kiswahili inavyoweza kukimbia.

Kutoka Kinshasa yenyewe, na kwa Lingala, kuna Papa Mfumu'Eto. Alichora, akaandika, akachapa na kuuza mwenyewe vijarida vyake kwenye karatasi duni, na mwaka 1990 kisa chake cha nguma aliyemeza mwanamke kilizungumzwa mjini kote. Ni kisa cha mwanamume anayegeuka joka, anammeza mwanamke, kisha anatapika pesa. Kila mtu aliyekisoma katika miaka ile ya mwisho ya Mobutu alijua pesa za namna hiyo zinatoka wapi. Lingala yangu ni ya kuunga-unga, na nilihitaji rafiki wa Kinshasa anisomee. Karatasi za Mfumu'Eto, ambazo hapa zilifungiwa karanga, leo zinahifadhiwa katika chuo kikuu cha Florida, Marekani. Sina kinyongo na watu wa Florida, walitunza walichokiona ni mali. Ninachojiuliza ni kwa nini mtu aliyechora bede za Lingala ya mtaani alipata wasomaji wengi hivyo, na sisi wa mashariki na kusini, wenye mamilioni ya wasemaji, tungeulizwa bede ya Kiswahili chetu wenyewe tungeanza kukuna kichwa.

Labda tungemtaja Tshibumba Kanda Matulu, na tusingekosea sana. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yetu katika picha zaidi ya mia moja, nyingi zikiwa na maneno yaliyoandikwa juu ya picha yenyewe, na kila picha aliieleza kwa mdomo, kwa Kiswahili cha hapa. Aliyemrekodi ni Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha hapa Lubumbashi wakati huo. Zipange picha zile kwa mfuatano wake, weka maelezo yake chini, na unieleze tofauti kati ya kitu hicho na bede. Mimi bado naitafuta.

Fabian huyo huyo ndiye aliyetoa, mwaka 1990, maandishi ambayo ningependa kila mtu wa kitivo hiki ayasome kabla ya kuandika kazi yake ya mwisho. Yanaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Usidanganywe na jina, maana si kamusi. Ni historia ya mji huu, iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav, kwa upande wa maboi, yaani watumishi waliofua, waliopika na kulea watoto katika nyumba za wazungu. Imeandikwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kikapigwa taipu na mtu ambaye hakuna aliyemfundisha wapi neno linaanza na wapi linaishia. Maneno mawili yameshikana, neno moja limekatwa, nukta ziko mahali pasipotazamiwa.

Mara ya kwanza nilipoyafungua niliyafunga baada ya nusu ukurasa. Niliona makosa tu, na nitakiri kwamba nilicheka. Nilikuwa mwaka wa pili, nimejaa kanuni, nikiwa na kalamu nyekundu kichwani. Kisha nikasoma katika utangulizi jinsi Fabian mwenyewe alivyokwama, na jinsi Kalundi Mango, mtu wa hapa, alivyoyasoma kwa sauti mbele ya rekoda, na kutokana na sauti hiyo yakaandikwa upya. Nikajaribu. Nilikaa nje ya nyumba jioni, nikaanza kusoma kwa sauti, polepole, bila kutazama maneno yanavyokatwa. Kufikia ukurasa wa pili, mzee jirani yetu alikuwa amesogeza kiti chake karibu na uzio. Kufikia wa tatu alikuwa ananirekebisha matamshi. Lile nililoliona kama kosa la tahajia lilikuwa ni mtu anayezungumza, na mzee yule alimtambua mara moja, kama unavyomtambua ndugu yako kwa kikohozi kabla hajaingia ndani.

Mzee aliniuliza ni nani aliyeandika. Nikamwambia: boi mmoja wa zamani. Akasema, “Boi? Na ninyi mnaisoma huko chuo kikuu?” Sikujua kama ameshangaa au amefurahi. Nilimjibu kwamba bado hatujaanza.

Maandishi haya yana kasoro, nami niliahidi kuzitaja. Yav anarudia mambo, anaruka miaka, anachanganya wafalme na mabwana, na mtu anayetaka tarehe za kuaminika atachukua kitabu kingine. Pia si kitabu cha kumpa mwanafunzi anayejifunza kuandika Kiswahili sanifu, hilo nawapa walimu wangu bila ubishi. Lakini tunawezaje kuwa kitivo cha lugha, katika mji huu, tukajua kuchambua mizani ya utenzi wa Lamu na tusijue kusoma kwa sauti ukurasa mmoja ulioandikwa na mtu wa mitaa yetu? Maandishi ya Yav yanapatikana hata bure kwenye intaneti. Kisingizio cha nakala hapa hakipo.

Ya mwisho ni bede, nayo ni ya Kifaransa. Madame Livingstone ya Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, na Christophe Cassiau-Haurie, ilitolewa mwaka 2014. Ni wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Rubani Mbelgiji anafika ziwa Tanganyika na kazi moja: kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Anayemwongoza kuitafuta ni chotara anayevaa sketi ya Waskoti, ambaye watu wamempa jina la Madame Livingstone kwa sababu inasemekana ana undugu na yule mtafiti. Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba Baruti anajua kuchora maji, na kwamba rubani anadhani hadithi ni yake, mpaka msomaji anagundua kabla yake kwamba sivyo.

Niliazimwa nakala na rafiki, kwa siku tatu. Siku ya pili nilikwenda nayo kwa mama mkubwa, komini ya Kenya, kwa sababu alikuwa mgonjwa kidogo na nilikuwa zamu. Mama mkubwa ni mtu wa Kalemie. Hasomi Kifaransa, na bede kwake ni mambo ya watoto. Aliniona nimeinama juu ya picha, akauliza ziwa hilo ni lipi. Nikamwambia ni Tanganyika. Akavaa miwani.

Sasa, meli ile ina historia yake nje ya bede. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwezi wa Julai 1916, karibu na Kigoma, ili isichukuliwe. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, ndiyo iliyowarudisha maelfu ya wakimbizi wetu kutoka Kigoma. Mama mkubwa alikuwa mmoja wao. Nilipomwambia kwamba meli ya picha na meli iliyomrudisha nyumbani ni moja, alichukua kitabu mikononi mwangu na kukisogeza kwenye mwanga.

“Ndiyo ileile?”

“Ndiyo ileile, mama.”

Aliitazama muda mrefu. Kisha akaniambia chumba cha injini kilikuwa upande gani, walikolala akina mama wenye watoto, na mahali ambapo mtu mmoja aliuza chai kwa bei ya wizi. Akaniuliza kama huyo mchoraji alipanda. Nikasema sijui. Akasema, “Hapa hakupanda,” akionyesha kwa kidole mahali fulani kwenye sitaha, “lakini maji anayajua.” Halafu akataka nimsomee yote, tangu mwanzo.

Nilimsomea kwa muda wa alasiri mbili, nikigeuza Kifaransa cha bede kuwa Kiswahili chetu, si kile bora, kile cha nyumbani. Ilikuwa kazi ngumu kuliko tafsiri yoyote niliyoifanya kwa maksi. Kiputo cha bede ni kidogo, na mtu anayezungumza ndani yake ana hasira, au anadanganya, au anaogopa, na lazima hilo lisikike. Nikitafsiri vibaya mama mkubwa alinikatiza: “Mtu hawezi kusema hivyo.” Mara nyingine alikuwa na haki. Mara nyingine Mbelgiji alisema hivyo kweli, na ilibidi nimtetee.

Yule dada wa fotokopi nimeendelea kuzungumza naye. Wiki chache baada ya siku ile aliniletea Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, akaniambia: “Hiki nimekisoma mara mbili. Mwanzo utampenda Yasmini, mwisho umeniudhi, na nataka mtu wa kubishana naye.” Ndivyo kitabu kinavyopendekezwa. Hakuniambia ni riwaya muhimu ya Zanzibar ya wakati wa kudai uhuru, ingawa ndivyo ilivyo. Aliniambia ni wapi itanishika na ni wapi itaniudhi. Niliimaliza kwa usiku tatu, na tunabishana mpaka leo.

Na Kusadikika? Nilikisoma hatimaye, kwa zile fotokopi zake, kwa aibu. Ni kitabu kizuri. Kimenipita miaka miwili kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukisifu, na mtu hawezi kuonekana anaanza kusoma kitabu ambacho alisema kilimfungua macho. Swali lake nililijibu nikiwa nimechelewa sana: Karama anashtakiwa na Majivuno, anajitetea mbele ya baraza lile lile lililowaadhibu wajumbe, kwa hiyo hasimulii ili tushangae kitakachofuata. Anawahesabia hukumu zao, moja baada ya nyingine, mpaka zinakuwa nzito kuliko kosa lake. Yeye hakubali. Anasema mtu anayejitetea angefupisha. Labda.

Nina ombi moja kwa wahariri wa jarida hili. Kila toleo lina ukurasa wa mwisho ambao mara nyingi unajazwa na matangazo ya mikutano iliyokwisha kupita. Tupeni ukurasa huo. Mwanafunzi au mwalimu aandike juu ya kitu kimoja alichokipenda, kiwe riwaya, bede, diwani au gazeti lisilo na jalada, kwa Kiswahili bora au kwa Kiswahili chetu. Aape kwamba alikimaliza. Ataje kasoro yake moja. Aseme nakala iko wapi na nani anayo. Ningependa sana walimu waanze, kwa sababu nina hakika kwamba baadhi yao wana Willy Gamba kabatini, nyuma ya kamusi.

Kwa upande wangu, Sani yangu ipo, atakayeitaka anione, ila aifungue polepole. Kikosi cha Kisasi kiko kwa mwenzetu wa mwaka wa tatu ambaye atajitambua akisoma hapa, na ambaye ameshapitisha muda. Ama Madame Livingstone, rafiki yangu ameacha kunidai, kwa sababu nilimpeleka mwenyewe akaone iliko: imewekwa juu ya kabati la vyombo, imefungwa kwa kitambaa, na mama mkubwa hataki itoke nyumbani. Anayetaka kuisoma twende pamoja Jumapili baada ya misa. Lakini ajitayarishe, atasoma kwa sauti.